Doa la Unyayoni

Kwa muda wa miezi mitatu nilikuwa na doa jeusi unyayoni, nami nikalipuuza. Niliamini, kama wengi wetu, kwamba saratani ya ngozi ni maradhi ya Wazungu na ya ndugu zetu wenye ualbino.

Ni kweli kwamba weusi wa ngozi hutukinga na jua. Hata hivyo, melanoma, saratani ya ngozi iliyo hatari mno, huwapata watu weusi hasa unyayoni, kiganjani na chini ya ukucha, mahali ambapo jua si chanzo. Mwaka 1977 mwanamuziki Bob Marley aligunduliwa kuwa nayo kidoleni mwa mguu, baada ya kidonda kudhaniwa kuwa jeraha la kandanda. Alifariki mwaka 1981, akiwa na umri wa miaka 36.

Mimi mwanaisimu nakiri kwamba nilipumbazwa na neno. Waa la kuzaliwa, alama ya chunusi na mwanzo wa saratani, vyote twaviita "doa". Lugha isipotenganisha, sharti macho yatenganishe. Tulishuku doa lenye umbo la upogo, kingo zisizo sawa, rangi zaidi ya moja, upana unaozidi milimita 6, au linalobadilika.

Daktari alilichunguza langu, akasema halina madhara. Nilishukuru, ila kwa haya: jibu hilo ningalilipata miezi mitatu kabla. Walimu wenzangu, nanyi wanafunzi, vueni viatu jioni hii mzitazame nyayo zenu. Mficha maradhi, kilio humfichua.