Programu mpya haitoshi bila mwalimu

Juma lililopita nilikuwa Nkunga, wilayani Rungwe, kwa dada yangu. Mvua ilinyesha kutwa, nasi tukajikunyata jikoni tukila ndizi. Mpwa wangu, anayesomea kompyuta chuoni, akaniambia: "Mjomba, nataka niitengenezee zahanati programu ya kuhesabu wagonjwa. Nitaianza mwanzo kabisa, peke yangu."

Nilimsifu, kisha nikamuuliza: fundi anayejenga nyumba pale Tukuyu hufua misumari yake mwenyewe?

Katika kompyuta pia ipo misingi iliyokwisha kujengwa, na kazi ya mtaalamu ni kusimamisha kuta juu yake. Kwa takwimu za afya, msingi mmojawapo unaitwa DHIS2. Mizizi yake iko Afrika Kusini, mwaka 1994, ubaguzi wa rangi ulipokoma na serikali mpya ikahitaji hesabu moja ya afya kwa wananchi wote. Baadaye Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, kikaongoza kazi ya kuiandika upya ili itumike kwa njia ya intaneti. Haiuzwi, na yeyote anaruhusiwa kuifungua na kuiongezea. Kenya iliieneza nchi nzima mwaka 2011, nasi Tanzania mwaka 2013. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamo miongoni mwa wanaoiendeleza.

Kazi yake ni hii. Muuguzi huandika wagonjwa katika vitabu vya MTUHA. Mwisho wa mwezi hujumlisha, na jumla hizo huingizwa katika kompyuta, wilaya, mkoa na wizara wakaziona. Miongoni mwa nyongeza za miaka ya karibuni ni programu ya simu inayotunza taarifa hata mtandao unapokatika, kisha kuzituma unaporudi. Tena mfumo huweza kufundishwa kutilia shaka: ukiandika kwamba watoto waliopata chanjo ya tatu ni wengi kuliko waliopata ya kwanza, unakuonya.

Lakini onyo husaidia anayelielewa. Naikumbuka zahanati moja, sitaitaja, ambako akina mama walirudishwa nyumbani kwa kukosa dawa, wakati taarifa ilionyesha kabati limejaa. Mtu alikuwa ameongeza sifuri moja. Sifuri ile ilisafiri hadi juu bila kuulizwa, na dawa zikapelekwa kwingine.

Mafunzo yapo, tena mengine ni ya bure kwenye intaneti. Upo hata uwanja wa mazoezi, wenye takwimu za mfano za Sierra Leone, ambapo mwanafunzi hukosea apendavyo bila kumdhuru mgonjwa. Tatizo ni kwamba mengi ya mafunzo hayo ni ya Kiingereza, na yanahitaji vocha ya intaneti ambayo muuguzi wa kijijini huinunua kwa mshahara wake.

Basi nilimwambia mpwa wangu: usianze programu mpya. Jifunze hii iliyopo, kisha uandike kijitabu cha kurasa kumi kwa Kiswahili, ukae na muuguzi wa hapo kwenu mpaka aelewe kila onyo.

Alinyamaza kidogo, akasema: "Mjomba, hiyo ni ngumu kuliko programu."

Ni kweli. Ndiyo maana haijafanywa.