Kesi ya mauaji inapogeuka ugonjwa nyumbani

Arobaini ikishapita wageni hurudi makwao, na wenye msiba hubaki na kesi ambayo ndiyo kwanza inaanza. Kwa familia nyingi za Newala na Masasi zilizopoteza mtu kwa panga au rungu, hapo ndipo maradhi huingilia.

Mvutano wa kwanza huwa juu ya maiti. Ndugu wanataka kuzika siku hiyohiyo, polisi wanataka daktari aichunguze kwanza. Wazee husema marehemu anachanwa bure. Si bure. Ripoti ile ndiyo inayoieleza mahakama mtu wenu alikufa kwa nini, na akizikwa bila uchunguzi swali hilo huweza kuja kumfaa mshtakiwa. Mwambieni daktari mapema kwamba mnakusudia kuzika jioni, mumuulize atamaliza saa ngapi.

Kisha huanza safari za mahakamani. Kesi ya mauaji husikilizwa na Mahakama Kuu, ambayo kwa huku kanda yake iko Mtwara, lakini kwanza hutajwa katika mahakama ya chini. Mshtakiwa hatakiwi kujibu lolote. Mama wa marehemu anapanda gari alfajiri kwa nauli iliyotoka kwenye korosho, anamwona mtuhumiwa ana kwa ana, anaambiwa upelelezi haujakamilika, anarudi. Usiku ule halali. Baada ya wiki mbili hivi, anakwenda tena.

Mama huyo hana haja ya kwenda kila mara. Mauaji hayana dhamana, na ndugu wasipofika siku ya kutajwa, mtuhumiwa haachiwi kwa sababu hiyo. Chagueni mmoja mwenye moyo mgumu kidogo, achukue namba ya simu ya mpelelezi na kuwaletea habari wengine. Shahidi aliyepelekewa samansi, huyo lazima aende, na siku hiyo awe amekula na kumeza dawa zake.

Nasema dawa kwa makusudi. Mwenye presha au kisukari aliyefiwa hivi huziacha bila hata kujua. Mwekeeni mtu wa kumkumbusha. Asiyelala wiki kadhaa, anayekonda, anayesema heri naye afe, au kijana anayenoa panga akitaja kisasi, apelekwe kituo cha afya bila kungoja. Daktari aambiwe kisa chote, maana akisikia "kichwa kinauma" tu atatoa panadol.

Watoto je? Tunapenda kuwaambia baba amesafiri, na wao wameshasikia kila kitu kisimani. Aliyeacha kukojoa kitandani anaanza upya, mwingine hataki kwenda shule. Msimchape. Mwambieni kwa maneno machache kwamba baba amekufa, kwamba kuna mtu alimuumiza, na kwamba usiku huu atalala karibu na nani. Atauliza tena kesho, mjibuni vilevile. Mwalimu wake naye aambiwe.