Sabuni ya Dawa: Ni Dawa ya Nini?

Msimu wa kaskazi, joto la Mji wa Kale, Mombasa, humlowesha mtu jasho kabla hajafika Kibokoni akitokea Marikiti. Ndio msimu wa harara, na ndipo akina mama wengi huulizia dukani "sabuni ya dawa" ya kuwaogeshea watoto. Maneno yote mawili, sabuni na dawa, asili yake ni Kiarabu. Lakini ni hilo la pili linalouza.

Kiswahili hakichanganyi maradhi ya ngozi. Harara hutokea vijitundu vya jasho vinapoziba. Choa huletwa na kuvu, na upele huletwa na kidudu kinachochimba ngozi. Katika yote hayo, chanzo si bakteria, nao ndio wanaolengwa na sabuni hiyo. Jipu ni la bakteria, naam, lakini usaha wake umo ndani, povu lisikofika.

Ikumbukwe kwamba sabuni ya kawaida haihitaji kuua. Hunasa mafuta na uchafu, maji yakavichukua pamoja na vijidudu. Mnamo 2016 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliviondoa viambato 19, triklosani na triklokabani vikiwamo, katika sabuni za kunawia na kuogea za nyumbani, kwa kuwa watengenezaji hawakuthibitisha kwamba ni salama vikitumiwa kila siku, wala kwamba vinaishinda sabuni ya kawaida na maji. Isitoshe, sabuni kali hukausha ngozi na kupunguza bakteria wema wanaoilinda. Mtoto mwenye ukurutu ndiye huumia zaidi. Ipo pia hofu ya kuzuka bakteria sugu.

Hata hivyo, faida zipo. Hospitalini, kloroheksidini husafishia ngozi kabla ya upasuaji, na daktari huweza kumwagiza mgonjwa wa majipu yanayojirudia aogee dawa ya aina hiyo kwa siku kadhaa. Hapo ugonjwa unajulikana, na muda una kikomo.

Kisiwani kuna jambo jingine. Maji ya visima aghalabu yana chumvi, povu lake ni haba, na sabuni isiyosuuzika vyema huwasha ngozi ambayo tayari ina vipele. Mtoto wa harara huogeshwa maji baridi, ikiwezekana yasiyo ya chumvi, akafutwa taratibu bila kusuguliwa, akavishwa pamba nyepesi na kukalishwa barazani penye upepo. Vipele vikitunga usaha au homa ikimpanda, apelekwe zahanati.