Difu, Gia ya Tano na Mizunguko ya Injini

Barabara itokayo Moshi kwenda Holili, mpakani mwa Tanzania na Kenya, hugawanyika Himo. Tawi moja huendelea mashariki hadi Holili bila mwinuko mkali. Jingine hupanda kaskazini kuelekea Marangu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Pikapu ile ile, yenye injini ile ile, hunguruma kwa sauti tofauti katika njia hizi mbili. Kwa nini?

Nguvu ya injini haifiki kwenye magurudumu moja kwa moja. Hupita kwanza katika giaboksi, kisha katika mhimili mrefu ambao mafundi huuita propela, na mwisho katika difu iliyo kwenye ekseli ya nyuma. Ndani ya difu, gia ndogo huzungusha gia kubwa. Ikiwa ndogo ina meno 10 na kubwa ina meno 41, propela haina budi kuzunguka mara 4.1 ili gurudumu lizunguke mara moja. Huo ndio uwiano wa difu.

Tuchukue mfano. Mzingo wa tairi ni mita 2.2, na gari linakwenda kilometa 80 kwa saa, yaani mita 1,333 kwa dakika. Basi gurudumu huzunguka mara 606 kwa dakika. Katika pikapu nyingi za gia tano, gia ya nne huzungusha propela sawasawa na injini. Kwa hiyo injini huzunguka mara 606 × 4.1, yaani takriban 2,485 kwa dakika. Kama difu ingekuwa na meno 37 kwa 10, mizunguko ingepungua hadi 2,242.

Gia ya tano huitwa ovadraivu, kwa sababu propela huishinda injini kwa mwendo. Ikiwa uwiano wake ni 0.8, injini ikizunguka mara nne, propela huzunguka mara tano. Katika mfano wetu wa kwanza, mizunguko 2,485 hushuka hadi 1,988. Msuguano hupungua, na katika barabara tambarare mafuta huokolewa.

Lakini gia haziumbi nguvu; hubadilishana tu. Mizunguko ikipungua kwa sehemu moja ya tano, msukumo unaofika kwenye magurudumu kutoka kwa msokoto ule ule wa injini nao hupungua kwa kiasi hicho hicho. Ndiyo maana pikapu iliyojaa mzigo hulemewa ikipanda Marangu kwa gia ya tano, na dereva hulazimika kurudi gia za chini.

Jambo lililo zito zaidi ni kuteremka. Katika gia ya chini, magurudumu huilazimisha injini kuzunguka kwa kasi, nayo hulizuia gari. Katika ovadraivu kizuizi hicho ni kidogo mno. Mzigo wote wa ndizi huangukia breki, ambazo hupata joto kali na kupoteza uwezo wa kushika. Hivyo basi, mlima uliopandwa kwa gia ya pili uteremkwe kwa gia ya pili.

Zoezi kwa wanafunzi: mwenye pikapu ya meno 41 kwa 10 amefunga matairi yenye mzingo wa mita 2.4. Katika gia ya nne, kwa mwendo ule ule wa kilometa 80, injini itazunguka mara ngapi kwa dakika? Jibu ni takriban 2,278. Je, mlima utakuwa rahisi zaidi kwake, au mgumu zaidi?