Maji ya Kunywa Kitale na Bungoma: Yapi ya Gesi, Yapi ya Kidonge

Familia ya watu watano hunywa takriban lita 10 kwa siku, yaani mitungi 15 ya lita 20 kwa mwezi. Anzia hesabu hapo, maana maji ya kufulia na kudekia hayadai gharama ninazozieleza hapa.

Mwenye bomba la NZOWASCO, kampuni inayohudumia Trans Nzoia na Bungoma, hulipia kwa mita ya ujazo, ambayo ni mitungi 50. Mpangaji wa Kipsongo au Matisi akinunua ya mkokoteni kwa shilingi 20 mtungi, kiasi hichohicho kitamgharimu shilingi 1,000. Na bei hiyo haimnunulii usalama. Mtungi huenda umejazwa kioskini, huenda umejazwa kwenye kisima kifupi hatua chache kutoka choo cha shimo, na maji yote mawili yakaonekana meupe. Hata chanzo kizuri hakitoshi. Huko Busia, jirani na Bungoma, watafiti walipima chemchemi zilizojengewa: uchafu kwenye chemchemi ulipungua kwa theluthi mbili, lakini nyumbani ulipungua kwa robo tu. Maji yalichafuka njiani na ndani ya mitungi.

Kwa hiyo dawa ni ya nyumbani. Kidonge cha klorini, kama WaterGuard, ndicho rahisi zaidi: kimoja kwa lita 20, subiri nusu saa, na vidonge 15 vinamaliza mwezi. Kinaua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo. Vimelea ni habari nyingine. Amiba na giadia zina ganda linalostahimili klorini kuliko bakteria, na kriptosporidiamu haitikisiki kabisa kwa kipimo hicho. Utafiti wa GEMS wa 2013, uliohusisha Siaya, uliikuta ikifuata virusi vya rota katika kusababisha kuharisha vibaya kwa watoto wachanga.

Kuchemsha huua vyote. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na hizo zinatosha. Yaache yatokote dakika nzima. Tatizo ni moto: lita 10 kila siku hula karibu kilo 4 za gesi kwa mwezi, theluthi mbili ya mtungi wa kilo 6. Kichujio chenye matundu madogo sana huepusha gharama hiyo. Mwaka 2011 kaya nyingi za Mkoa wa Magharibi, Bungoma ikiwemo, zilipewa kichujio cha aina hiyo, LifeStraw, bure; ya zamani hivyo isiaminiwe ikiwa imeshamaliza lita 18,000 ilizoundiwa.

Kwa mwenye kipato kidogo, ningegawa maji. Chemsha lita 2 au 3 za mtoto mdogo, na za anayeishi na VVU. Gesi itashuka hadi kilo moja hivi. Yapoe katika sufuria ileile, imefunikwa. Wengine watie kidonge, wakijua kwamba hatari ya vimelea inabaki kiasi.

Mtoto akiharisha siku nyingi, usikimbilie Flagyl dukani. Inatibu amiba na giadia, haitibu kriptosporidiamu. Lipia kipimo cha choo, na umtajie mhudumu wa maabara kimelea hicho kwa jina, kwa sababu uchunguzi wa kawaida wa hadubini mara nyingi haukioni.