Dola 390 kwa mashine ya biti: nilivyopiga hesabu

Mwezi wa pili nilikuwa na dola 410 ndani ya bahasha. Nilizipata polepole, kwa kutafsiri barua na vyeti vya watu na kwa kufundisha Kifaransa watoto wa jirani hapa Lubumbashi. Mambo mawili yalikuwa yanazisubiri: nusu ya minervali yangu, na ada ya mdogo wangu wa kike anayefanya mtihani wa Serikali mwaka huu. La tatu lilikuwa tamaa yangu mwenyewe, yaani mashine ndogo ya kutengenezea biti, ile inayoitwa sampla. Wengi wenu mmeniona nikipiga nyuma ya kikundi chetu cha slamu katika ukumbi wa kitivo, na mmeniuliza kama niliinunua. Naeleza hapa hesabu yenyewe, maana inaweza kumfaa mtu yeyote anayetaka chombo kinachozidi mfuko wake.

Sampla inafanya nini

Sampla ni mashine inayonasa kipande cha sauti, inakikata, kisha inakipa kitufe. Ukigusa kitufe, kipande kinalia. Kipande kinaweza kuwa pigo la ngoma, mlio wa sufuria, au neno moja la bibi yako. Ukivipanga vipande hivyo kwa mwendo unaojirudia, umepata biti. Kwa sisi watu wa lugha naweza kusema hivi: sampla inafanya kwa sauti kile tunachofanya kwa matini tunaponukuu. Unatoa kipande mahali pake, unakiweka pengine, na maana yake inageuka.

Mashine hizi si mpya. Mwaka 1987 kampuni ya E-mu ilitoa SP-1200, ambayo kumbukumbu yake ilibeba sekunde 10 hivi tu za sauti. Mwaka 1988 ikaja MPC60 ya Akai, iliyobuniwa na Roger Linn, yenye vitufe 16 vilivyopangwa vinne kwa vinne. Mpangilio huo tunauona hadi leo. Watengenezaji wa rap ya Marekani walishinda ufinyu wa sekunde 10 kwa ujanja: walicheza sahani ya santuri kwa mwendo wa haraka wakati wa kuinasa, kisha wakaishusha ndani ya mashine ili irudie mwendo wake wa awali. Sauti ilitoka na ukwaruzo fulani, na ukwaruzo huo ukapendwa. Hili linafaa kukumbukwa kabla ya kulipa: bei kubwa haikuwa ndiyo iliyozaa muziki mzuri.

Mashine tatu mezani

Siku hizi mashine za kubebeka ni nyingi. Mimi nilichunguza tatu.

Ya kwanza ni PO-33 ya Teenage Engineering, kampuni ya Uswidi. Inaingia mfukoni kama kikokotoo, inatumia pile mbili ndogo na ina mikrofoni yake. Kumbukumbu yake ni sekunde 40. Ni rahisi kuliko nyingine, lakini kwa kikundi chenye mashairi sita kwa jioni moja, sekunde 40 zinakwisha kabla ya shairi la tatu.

Ya pili ni EP-133 ya kampuni hiyohiyo, iliyotoka mwaka 2023 kwa bei ya dola 299. Ina vitufe 12 vya kupigia, mikrofoni na spika ndani yake, na inatumia pile nne ndogo au waya wa USB. Ilipotoka ilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti 64. Nilipiga hesabu: inapima sauti takriban mara 46,000 kwa sekunde, na kila kipimo kinachukua baiti mbili. Hiyo ni zaidi ya baiti 92,000 kwa sekunde, kwa hiyo megabaiti 64 ni kama dakika 11 za sauti ya mkondo mmoja, na sehemu imekwisha kujazwa na milio ya kiwandani. Kwa kazi yetu, zinatosha.

Ya tatu ni SP-404MKII ya Roland, ya mwaka 2021. Ina gigabaiti 16 za hifadhi na madoido mengi ya kubadilisha sauti, na inatumia pile sita za ukubwa wa kati. Bei yake ilipotoka ilikaribia dola 500. Niliiondoa mezani mara moja. Kitu kinachozidi bahasha yote hakina haja ya kujadiliwa.

Ikabaki EP-133. Lakini dola 299 ni bei ya kwao, si ya kwetu. Mfanyabiashara anayeleta mizigo aliniongezea usafiri na ushuru akafika dola 390. Bei ya kweli ni ile inayofikisha kitu mkononi mwako, na hapo kila mwanafunzi wa Kongo anajua kwamba kujumlisha ni lazima.

Siku kumi za kujaribu

Katika mtaa wa Kenya (nasema Kenya yetu ya Lubumbashi, si nchi) kuna fundi wa sauti ambaye sote tunamwita Yaya. Anayo mashine hiyo. Nilimwomba aniazime siku kumi, nami nikamtafsiria kitabu cha maelekezo kutoka Kiingereza kwa ajili ya wanafunzi wake. Alipokuwa ananikabidhi aliniuliza: “Weye unataka mashine, ao unataka kuonekana na mashine?” Nilicheka, lakini sikumjibu.

Mazoezi yalinionyesha faida tatu za kweli. Kwanza, umeme. Jioni nne kati ya kumi hatukuwa na umeme homu, lakini mashine iliendelea kwa pile, na spika yake ikatutosha chumbani. Pili, vidole. Vitufe vyake vinatofautisha mguso mwepesi na mguso mzito, kwa hiyo ngoma inapumua. Kioo cha simu hakijui nguvu ya kidole. Tatu, mashine haipigiwi simu. Katika onyesho letu la Desemba, mama alinipigia katikati ya shairi na biti ikakatika mbele ya wakubwa.

Kisha nikaziweka faida hizo karibu na simu yangu ya kawaida yenye programu ya Koala, inayouzwa kwa dola chache tu. Nayo inanasa kwa mikrofoni, inakata na inapanga. Umeme? Simu nayo ina betri, na huwa naichaji mapema. Kupigiwa? Dawa yake ni kuzima mtandao kabla ya kupanda jukwaani, jambo ambalo Desemba sikulifikiria. Kuchelewa kwa sauti? Nilikuwa natumia spika ya bluetooth, ambayo huchelewesha mlio baada ya kidole. Nilipotumia waya, tofauti ikapungua sana. Katika faida tatu, moja tu ilibaki imara: vidole.

Je, masomo yalihalalisha bei?

Nilijaribu pia kujidanganya kwa jina la utafiti. Memwari yangu inahusu mkazo wa neno katika slamu ya Kiswahili. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: tunasema “tunaSOma”, “mwaliMU” hatusemi. Pigo zito la ngoma likiangukia silabi ya mwisho, msikilizaji anahisi neno limevaa nguo ya mtu mwingine, hata kama hawezi kueleza sababu. Waslamu wetu waliozoea kuandika kwa Kifaransa huanguka hapo mara nyingi, kwa kuwa Kifaransa hupeleka uzito mwisho wa kikundi cha maneno. Kwa sampla nilikata mistari silabi kwa silabi, nikaisogeza juu ya ngoma mpaka mkazo na pigo vikakutana. Wenzangu walisikia tofauti papo hapo.

Nikampelekea asistanti wetu ugunduzi huo pamoja na ombi la ushauri kuhusu mashine. Alinijibu kwa upole kwamba kusikia ni mwanzo mzuri, ila memwari inataka kupima: urefu wa silabi, kimo cha sauti, nguvu yake. Kazi hiyo inafanywa na Praat, programu ya Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, na haina malipo. Sababu ya utafiti ikaanguka hapohapo.

Kuna gharama nyingine isiyoandikwa kwenye boksi. Nilitaka kukata gitaa la Mwenda wa Bayeke, ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952. Lakini muziki una mwenyewe. Huko New York, Desemba 1991, mahakama ilitoa uamuzi dhidi ya Biz Markie kwa kutumia kipande cha wimbo wa mwingine bila ruhusa, na tangu hapo kukata kiholela kukawa hatari. Kwetu pia, ordonansi-sheria namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda haki za watunzi. Hivyo niliacha gitaa hilo, nikarekodi rafiki anayepiga na akakubali. Vitu bora vya kukata vilikuwa karibu: kinu cha shangazi, mlango wa bati wa homu, kelele za soko la asubuhi.

Kizingiti cha siku 78

Mwisho nilimuuliza Yaya angenikodisha mashine kwa bei gani. Alisema dola 5 kwa siku. Hapo hesabu ikawa nyepesi: dola 390 ukigawanya kwa 5 unapata siku 78. Kikundi chetu hupanda jukwaani kama mara mbili kwa mwezi, kwa miezi minane ya masomo, yaani siku 16 kwa mwaka. Kufikia siku 78 kungenichukua karibu miaka mitano, na wakati huo nitakuwa nimekwisha kuondoka chuoni. Mtu anayepiga kila wiki mara mbili angefika huko kabla ya mwaka kwisha, naye ningemwambia anunue bila kusita. Mashine ni nzuri. Siku zangu za kuitumia ndizo chache.

Kwa hiyo kanuni ninayowaachia ni maswali matatu. Bei ikifika mkononi ni kiasi gani? Kifaa ulichonacho kinashindwa nini hasa, ukishakitumia vizuri? Na utakitumia siku ngapi za kweli, si siku za ndoto? Jibu la swali la tatu lisiandikwe na tamaa, bali na daftari.

Minervali ililipwa. Mdogo wangu ana kadi yake ya mtihani. Nyumbani nafanya mazoezi kwa simu, na siku ya onyesho napitia mtaa wa Kenya na dola 5. Kila mara naandika tarehe nyuma ya daftari la fonetiki. Hadi leo ni siku 9. Yaya ameshaliona daftari hilo, naye ameniahidi kwamba zikifika 78 tutazungumza bei ya mashine yake mwenyewe.