Maneno Yatanguliayo Mchezo: Kiswahili cha Wangojao "The Lion King"

Katika miji mikubwa ya Marekani, mchezo wa jukwaani wenye nyimbo huwafikia watu kwanza kwa habari, kisha kwa nyimbo zilizorekodiwa, na mwisho kabisa kwa macho. Kati ya siku tangazo litokapo na siku pazia lifunguliwapo hupita miezi mingi, pengine mwaka mzima, na muda huo wapenzi wa mchezo hawakai bure. Huimba, hujifunza majina, huulizana maana. Kwa michezo mingi jambo hili halimhusu mchunguzi wa Kiswahili. Kwa mchezo mmoja lamhusu sana, nao ni "The Lion King", hadithi ya mwana wa mfalme wa simba. Wakati wa kuungojea mchezo huo, watu wengi wasiopata kuzungumza na Mswahili hata mmoja huwa na maneno ya Kiswahili vinywani mwao, na huyafasiri wapendavyo kwa kuwa hayupo wa kuwasahihisha.

Asili ya mchezo ni filamu ya vibonzo ya kampuni ya Disney iliyotoka mwaka 1994. Bibi Julie Taymor ndiye aliyeuongoza ulipohamishiwa jukwaani. Nyimbo zilitungwa na Elton John na Tim Rice, na sehemu kubwa ya uimbaji wa kwaya ni kazi ya Lebo M, mzaliwa wa Soweto. Ulionyeshwa mara ya kwanza si New York bali Minneapolis, katika jumba la Orpheum lililoko barabara ya Hennepin, tarehe 8 Julai, 1997. Ufunguzi rasmi wa New York ulifuata tarehe 13 Novemba mwaka ule ule, na mwaka 1998 Bibi Taymor akawa mwanamke wa kwanza kupata tuzo ya Tony kwa kuongoza mchezo wa nyimbo. Safari za mji hata mji katika Amerika ya Kaskazini zilianza Denver, Aprili 2002. Tangu hapo Minneapolis nayo imetembelewa mara kadhaa, na wenyeji wake wana haki ya kusema kwamba mchezo haujii kwao kama mgeni.

Kungojea kwenyewe kuna taratibu zake. Jumba hutangaza michezo ya msimu mzima kwa pamoja, na wale wanunuao tikiti za msimu ndio wa kwanza kuchagua viti. Wengine hungoja siku ya kuuzwa tikiti mojamoja. Aliyekwisha kuuona mchezo haulizi tu bei. Auliza kiti kilichoko pembeni mwa njia, katika viti vya chini, kwa sababu ajua kwamba mwanzoni wanyama hupita katikati ya watazamaji kuelekea jukwaani, na mtoto aliyekaa kando ya njia aweza kukaribia kuwagusa. Ajua pia kwamba twiga ni watu waendao kwa mironjo, miguuni na mikononi, na kwamba vinyago vya wafalme havifuniki uso wa mchezaji bali hukaa juu ya kichwa chake, ili mtu na mnyama waonekane pamoja. Haya yote huelezwa na waliotangulia kwa wasiowahi kuona, kama wazee wasimuliavyo ngoma ya zamani. Machi 2020, majumba yalipofungwa kwa sababu ya maradhi ya UVIKO, safari za michezo zilikatika. Jukwaa la New York lilirudi Septemba 2021. Wapenzi wengi wa miji mingine walikaa muda huo na nyimbo tu, bila mchezo.

Nyimbo hizo na majina hayo ndiyo yafaayo kupimwa. Vitabu vya watoto na karatasi za matangazo husema kwa urahisi kwamba majina ya wanyama ni ya Kiswahili. Baadhi ni kweli. Simba ni neno la Kibantu la asili, na jamaa zake wapatikana mbali: katika Kizulu, insimba si simba bali ni kanu, mnyama mdogo wa jamii ya fungo. Rafiki ni la Kiarabu lililokwisha kuzoea, nalo limeusaidia mchezo kwa namna ambayo huenda waongozi wenyewe hawakuifikiri. Katika filamu Rafiki ni mwanamume. Jukwaani Bibi Taymor alimfanya mwanamke, na wa kwanza kuigiza nafasi hiyo New York alikuwa Tsidii Le Loka, mzaliwa wa Lesotho. Jina halikuhitaji kubadilishwa hata herufi moja, kwa kuwa Kiswahili hakitofautishi rafiki wa kiume na wa kike. Katika lugha nyingi za Ulaya ingelazimu kutafuta umbo jingine.

Sarabi, mama yake Simba, ana jina la Kiswahili lililo adimu hata kwa Waswahili. Wengi wangesema mazigazi au mangazimbwe, yaani yale maji ya uongo yaonekanayo mbali wakati wa jua kali. Mpenzi wa mchezo aliyesoma maana hiyo kabla ya kwenda Orpheum aweza kumshinda kijana wa Dar es Salaam kwa neno hili moja, na hilo si aibu kwa yeyote. Lugha huhifadhiwa mahali pasipotazamiwa.

Lakini Mufasa si neno la Kiswahili, wala halina uhusiano na mfalme isipokuwa herufi chache zifananazo. Nala, ambalo huenezwa kwamba maana yake ni zawadi kwa Kiswahili, halimo katika lugha. Zawadi ni zawadi, na iliyo bora zaidi ni tunu. Banzai ni la Kijapani, na Timon ni la Kiyunani. Anayengojea mchezo hana njia ya kuyapambanua haya, na yaelekea huyapokea yote pamoja kama sauti za Afrika.

Pumbaa lastahili neno zaidi. Ni kitenzi, kupumbaa, yaani kuduwaa au kupotewa na akili kwa muda, na jamaa yake ni mpumbavu. Kitenzi kitupu kisicho na kiambishi kimefanywa jina la ngiri. Ajabu ni kwamba tahajia imehifadhi irabu mbili za mwisho, ambazo Kiingereza hakina matumizi nazo, lakini matamshi hayakuzihifadhi. Mswahili husema pu-mba-a, mkazo ukiangukia silabi ya kabla ya mwisho. Wapenzi wa Marekani huweka mkazo mwanzoni na kuimeza irabu ya mwisho. Katika Simba, Rafiki na Sarabi mkazo wao waangukia mahali pake, wala si kwa kujifunza, bali kwa sababu Kiingereza nacho hupenda kukazia hapo katika maneno ya kigeni.

Jina lililo zito kuliko yote ni la fisi jike, Shenzi. Neno hili lina jeraha. Watu wa pwani walilitumia kwa watu wa bara waliowadharau, kisha wakoloni wakalichukua na kulitumia kwa Waafrika wote, wa pwani kwa wa bara. Sarufi yenyewe huonyesha njia lilikopitia. Katika Kiswahili safi shina -shenzi halisimami peke yake: ni mshenzi, washenzi, tabia za kishenzi. Shenzi tupu, bila kiambishi, ni alama ya Kisetla, lugha ya amri waliyoizungumza walowezi wa Kenya na watumishi wao, iliyokata viambishi vya upatanisho kama mtu akatavyo matawi ili abaki na gogo. Watengenezaji wa filamu walizuru Kenya mwaka 1991, wakatazama mbuga ya Hell's Gate karibu na Naivasha. Yaelekea neno walilipata katika umbo hilo. Basi mtoto wa Minneapolis mwenye mwanasesere wa fisi humwita kwa neno ambalo mzazi aliyelelewa Mombasa au Kisii asingependa kulisikia mezani. Minnesota ina wahamiaji wengi kutoka Kenya, nao pia hununua tikiti na kuwapeleka watoto. Mzazi wa namna hiyo hana budi kuamua, kabla ya siku ya mchezo, kama atamweleza mtoto maana ya jina au atanyamaza.

Maneno mawili ambayo kila angojaye huyajua ni hakuna matata. Tata, kwa asili, ni uzi uliosokotana. Matata ni mambo yaliyofungamana hata hayana ncha ya kuanzia. Kwa maana hiyo usemi huu ni mzuri kuliko ufasiri wake wa kawaida wa Kiingereza, usemao tu kwamba hakuna wasiwasi. Mswahili hakusudii hali ya moyo; asema kwamba uzi haukusokotana. Ama kuhusu matumizi, watu wa Unguja wangesema zaidi hamna shida, au hapana taabu. Hakuna matata lilisikika hasa upande wa Kenya na Kongo, na lilipata nguvu mwaka 1982 bendi ya Them Mushrooms ya Kenya ilipotoa wimbo "Jambo Bwana", uliopendwa sana katika mahoteli ya watalii. Kwa hiyo filamu haikuliokota usemi huu shambani. Ulikuwa umekwisha kusafishwa na kutandikwa kwa ajili ya wageni.

Mwaka 1994 kampuni ya Disney iliomba kusajili usemi huo nchini Marekani kuwa alama ya biashara ya mavazi, na usajili ukakubaliwa mwaka 2003. Jambo hilo lilikaa kimya mpaka mwaka 2018, mwanaharakati mmoja wa Zimbabwe alipoanzisha ombi la kulipinga, likatiwa sahihi na watu zaidi ya 100,000. Yafaa kusema wazi kilichomo: alama ya namna hiyo haimzuii mtu kusema wala kuandika maneno, humzuia tu kuyauza juu ya nguo katika nchi hiyo. Walakini uchungu wa waliotia sahihi haukuwa wa kisheria. Fundi wa fulana aliyezaliwa Mombasa, akihamia Marekani, angeweza kuulizwa kwa idhini ya nani achapisha maneno ya nyumbani kwao. Na wenye kumbukumbu walikuwa wamekwisha kuona jambo la jamii hiyo katika wimbo "Mbube", alioutunga Solomon Linda wa Afrika Kusini na kuurekodi mwaka 1939. Umbo lake la Kiingereza lilitumiwa katika filamu hii. Warithi wake walishtaki mwaka 2004, na mapatano yakafikiwa mwaka 2006. Mbube, kwa Kizulu, ni simba.

Kosa lililo kubwa zaidi kwa wangojao ni kudhani kwamba yote yaimbwayo ni Kiswahili. Mwito wa kwanza kabisa wa mchezo, ule ambao watu huuiga hata bafuni, ni wa Kizulu. Kwaya huimba pia kwa Kixhosa, Kisotho na Kitswana, na kundi la waigizaji huwa na waimbaji kutoka Afrika Kusini. Kiswahili kimetoa majina na usemi mmoja mashuhuri; uzito wa sauti ni wa kusini. Mgawanyo huu una sababu iliyo wazi, kwani hadithi ilitafutiwa mandhari Afrika ya Mashariki, na muziki ukakabidhiwa mtu wa Soweto. Lakini kwa kuwa majina hutangulia kujulikana, Kiswahili hupewa sifa isiyo yake. Mwanafunzi ajiandikishaye darasa la Kiswahili akitumaini kuelewa mwito ule wa mwanzo atavunjika moyo, na ni heri aambiwe siku ya kwanza.

Walimu wa Kiswahili katika vyuo vya Marekani hupokea wanafunzi wajao na maneno haya manne au matano. Wako wanaoona haya na kuyapita upesi, kana kwamba mgeni ameingia na viatu vya tope. Yaelekea hasara ni yao. Hakuna ni ha-, ku- na -na. Ndani yake mna kukanusha, mna ngeli ya mahali, mna namna Kiswahili kisemavyo kuwako kwa kitu bila kitenzi cha kuwa. Mwanafunzi akishakubali kwamba aweza kuliondoa matata na kuweka maji, au tikiti, au nafasi, amekwisha kulifungua fumbo ambalo wapenzi wengi hulibeba maisha yote kama jiwe moja lisilogawanyika. Kutoka hakuna atakwenda hapana na hamna, na atauliza mwenyewe tofauti ya mahali pasipo dhahiri, mahali dhahiri na ndani.

Na kwa Pumbaa mwalimu aweza kuanza na mkazo, kwa kumtaka mwanafunzi alitamke jina kwa silabi tatu. Wengi hucheka. Kisha siku ya mchezo, wakiwa wameketi kando ya njia ngiri apitapo, huwa wao tu miongoni mwa watazamaji wasikiao irabu moja ikikosekana.